Mirathi ya kimila: kanuni za mwaka 1963 bado zinamtoa mjane shambani

Msaidizi wa Ziwa (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Kila baada ya muda unaletwa humu uzi wa mjane aliyetolewa kwake na ndugu wa marehemu kabla hata ya arobaini, na michango inakuwa ile ile: shemeji katili, mama mkwe roho mbaya, marehemu alizembea kuandika wosia, pole sana dada. Sipingi hata kimoja. Ila mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea huku Kanda ya Ziwa (si wakili), na nimekaa na wajane wa aina hiyo kwenye mabenchi ya mahakama. Kuna jambo ambalo hizo pole hazigusi. Shemeji huyo akisimama mbele ya hakimu, mara nyingi hana haja ya kudanganya. Anachokidai kimeandikwa.

Kimeandikwa kwenye Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lile lililotamka mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Kwenye sehemu ya urithi, warithi wamepangwa kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni mtoto wa kiume mkubwa wa nyumba ya kwanza (ya mke wa kwanza). Ya pili ni wana wa kiume waliobaki. Mabinti, hata yule kifungua mimba aliyewalea wadogo zake wote, wako ngazi ya tatu, na mgawo unapungua kadiri ngazi inavyoshuka. Kanuni ya 20 inasema mwanamke anaweza kurithi, lakini ardhi ya ukoo ataitumia tu, hawezi kuiuza, isipokuwa ukoo uwe umekosa kabisa mwanamume. Kanuni ya 27 ndiyo ya mjane: hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza.

Isomeni tena hiyo ya 27. Mwanamke kalima shamba lile tangu alipoletwa bibi harusi, kapanda migomba, kapalilia mibuni, kauza ndizi zikalipa ada, halafu siku mume anazikwa sheria inamwambia haki yake ni huruma ya watoto. Asiyejaliwa mtoto hayo maneno hayamwachii chochote.

Tukisikia "mila" tunadhani ni kitu kilichoshuka kutoka kwa mababu bila kuguswa. Lakini mila hizi za kwenye karatasi zina waandishi tunaowajua. Hans Cory, mtumishi wa serikali ya kikoloni, alikusanya sheria za Wahaya zikatoka kitabuni mwaka 1945, na za Wasukuma mwaka 1953. Waliokuwa wakiulizwa ni watemi na wazee. Baada ya uhuru serikali ikataka kuziunganisha mila za wilaya nyingi ziwe na sura moja, na nia ilikuwa njema, kwamba nchi changa isiwe na mahakama inayohukumu hivi Bukoba na vile Tarime. Ila kuna kilichopotea hapo. Kabla ya hapo jambo lilikuwa linajadiliwa barazani kikao kwa kikao, na baba aliyempenda binti yake aliweza kumkatia kipande akiwa hai na wazee wakashuhudia. Baada ya 1963 kukawa na kifungu chenye namba, na asiyetaka kujadili alipata kitu cha kuonyesha.

Mwalimu Nyerere mwenyewe hakulificha. Kwenye andiko lake la Ujamaa Vijijini la mwaka 1967 alikiri wazi kwamba maisha yetu ya jadi, pamoja na heshima na ushirikiano wake wote, yalimweka mwanamke chini, na kwamba wanawake walikuwa wakifanya kazi zaidi ya sehemu yao. Alisema hayo miaka minne tu baada ya tangazo lile kusainiwa.

Sasa niwape kesi ambayo kila Mhaya anapaswa kuijua. Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake, kwa wosia. Agosti 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo, shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephraim, akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha, wilayani Muleba, akitaka mauzo yafutwe kwa sababu mwanamke haruhusiwi kuuza ardhi ya ukoo. Kashasha wakamkubalia. Mahakama ya Wilaya ikageuza. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza kwa Jaji Mwalusanya, ambaye Februari 1990 aliandika hukumu inayofundishwa vyuoni hadi leo: kanuni ya 20 ni ya kibaguzi, inapingana na ibara ya 13 ya Katiba, na kuanzia hapo mwanamke anauza kwa masharti yale yale ya mwanamume. Kumbukeni Hati ya Haki za Binadamu iliingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984 tu, na ilianza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Jaji yule hakusubiri.

Mwaka 1999 Bunge nalo likasogea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, kifungu cha 20, inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Takribani asilimia 70 ya ardhi ya nchi hii ni ya vijiji, kwa hiyo hicho si kifungu kidogo. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu lazima wawe wanawake.

Mtaniuliza, sasa tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba kanuni ya 27 haijafutwa. Wajane wawili washona nguo wa Shinyanga walikwenda Mahakama Kuu kuipinga pamoja na kanuni nyingine za tangazo lile. Hukumu ikatoka Septemba 2006. Mahakama ikakubali kwamba kanuni hizo zinabagua, halafu ikakataa kuzigusa, ikisema mila haziwezi kubadilishwa kwa amri ya mahakama na kwamba kufanya hivyo kungefungua mlango kwa mila za makabila yetu yapatayo 120. Wakakata rufaa. Mwaka 2010 rufaa ikatupwa kwa kasoro ya kiufundi kwenye nyaraka. Wakaenda hadi Umoja wa Mataifa, kwenye kamati ya mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, na Machi 2015 kamati ikasema nchi yetu imekiuka haki zao: walipwe fidia na sheria irekebishwe. Waume zao walifariki mwaka 1999 na 2000. Hesabuni wenyewe hapo katikati wamekula nini na wamelala wapi na watoto.

Hoja yangu ni moja. Tukiendelea kuona hili ni suala la tabia za watu, tutaendelea kutoa pole. Familia nzuri zipo, na zinawatunza wajane vizuri bila sheria yoyote. Lakini haki ya mtu haiwezi kutegemea kama aliolewa kwenye familia nzuri. Usawa unajengwa pale ambapo hata mwenye shemeji mbaya analala kwake. Hilo linahitaji kanuni zile zifutwe, na linahitaji karatasi tunazojaza kila siku, hati, muhtasari wa kikao cha ukoo, fomu ya mirathi, ziwe na nafasi ya jina la mwanamke.

Nawasilisha. Nipo, karibuni tujadili.

---

Nshomile wa Kamachumu

Mleta uzi umeandika vizuri na nimekusoma hadi mwisho, lakini ruhusu nikupinge.

Kibanja, yaani shamba la migomba la ukoo, kwetu si shamba tu. Makaburi ya babu na baba yako pale, kati ya migomba. Binti akiolewa, watoto wake ni wa ukoo mwingine. Ukimpa kibanja sawasawa na kaka zake, kizazi kimoja tu baadaye kaburi la baba yangu liko ndani ya shamba la ukoo nisioufahamu, au limeuzwa kwa mtu atakayelima maharage juu yake. Hiyo ndiyo sababu ya wazee kuweka utaratibu ule, hawakuwachukia mabinti zao. Mimi mabinti zangu nawasomesha, huo ndio urithi wao.

---

Msaidizi wa Ziwa

Mkuu Nshomile, asante kwa kusema unachoamini. Nami nina makaburi kibanjani, naelewa.

Ila rudi kwenye hukumu ya Mwalusanya uone alivyolishughulikia jambo lako hilo hilo. Hakusema ukoo hauna haki. Mila ya Kihaya inasema mwanamume akiuza ardhi ya ukoo kwa mgeni bila ridhaa ya ndugu, ndugu yeyote wa ukoo anaweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake. Jaji aliiacha hiyo haki ya kukomboa kama ilivyo, akasema itumike kwa mwanamume na mwanamke vilevile. Yaani kinga ya makaburi ipo. Kilichoondoka ni ile dhana kwamba mwanamume anaaminika na mwanamke haaminiki.

Na tuseme ukweli, ni nani wanaouza vibanja leo? Tunawajua. Kijana wa kiume anauza kipande anunue pikipiki, anauza kingine kwa deni, na hakuna anayeitisha kikao cha ukoo. Dada yake akitaka kuuza robo eka amtibu mtoto, ukoo mzima unakumbuka makaburi.

Kusomesha mabinti ni jambo jema sana, hongera. Lakini umewasomesha na wavulana pia, sivyo? Kwa hiyo wavulana wamepata shule na kibanja.

---

Nshomile wa Kamachumu

Hilo la mwisho umenibana. Ila bado nasema mjane akiolewa tena na mwanamume mwingine ndani ya kibanja kile kile, hapo pana ugomvi usioisha.

---

Msaidizi wa Ziwa

Ni kweli ugomvi huo upo na nimeuona. Lakini unatatulika kwa mgao, siyo kwa kumnyima. Sheria ya kiserikali ya mirathi, ile ya zamani kutoka India ya mwaka 1865 ambayo bado tunaitumia, inampa mjane theluthi moja na watoto theluthi mbili. Fungu la watoto linajulikana ni la watoto, mama akiolewa au asiolewe. Unaweza kupenda au kutopenda hesabu hiyo, lakini kila mtu anajua chake kiko wapi. Na mwanamume akifiwa na mke, akaoa tena ndani ya kibanja kile kile, mbona hatuiti kikao?

---

Mwana wa Matombo

Nachangia kutoka Morogoro. Kwetu Uluguru ardhi inafuata ukoo wa mama, kwa hiyo hadithi ni tofauti kabisa na ya huko ziwani. Hapa dada anabaki kwenye ardhi ya mama yake, mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Mume akifa mjane hatikisiki, yuko kwao.

Lakini msidhani huku ni peponi. Mwenye kauli kwenye ukoo mara nyingi ni mjomba, si mama mwenyewe. Na anayelia kwetu ni watoto wa mwanamume: baba yao amelima kipande cha ukoo wake maisha yake yote, akifa wapwa zake wanakuja kukichukua na watoto wake wanatoka. Nimewaona vijana wa kiume wanaondolewa hivyo hivyo kama wajane wenu.

Ndiyo maana nakubaliana na mleta uzi. Ukibadilisha mstari wa ukoo, machozi yanahamia kwa mtu mwingine. Kinachotakiwa ni aliyefanya kazi kwenye ardhi asiondolewe kwa sababu ya alikozaliwa.

---

Msaidizi wa Ziwa

Mkuu, huu mchango nitaunakili niutumie kwenye mikutano ya vijiji. Tangazo lile la 1963 liliwalenga wa ukoo wa baba tu, kwa hiyo ninyi mkaachwa na mila zisizoandikwa, na humu tunawasahau kabisa kila mada hii inapoletwa.

---

Baharia wa Tanga

Assalaam alaykum. Mada nzuri, lakini naomba tahadhari. Watu wakianza "tufute sheria zote za mirathi tuweke moja" wanaingia kwenye dini ya watu. Kwetu Waislamu mafungu yametajwa ndani ya Qur'ani. Mke ana thumni (sehemu moja ya nane) akiwepo mtoto, robo asipokuwepo. Hilo si la Bunge.

Ila nitasema jambo moja la haki. Ndugu wengi wanaojiita Waislamu wakifiwa na kaka yao ghafla wanakuwa watu wa mila. Wanakwenda mahakamani wanasema marehemu alikuwa akiishi kimila, ili mjane asipate hata ile thumni. Nimelishuhudia ndani ya familia za watu ninaowaheshimu.

---

Msaidizi wa Ziwa

Waalaykum salaam. Umegusa penyewe. Tuna mifumo mitatu ya mirathi Bara: ya kimila, ya Kiislamu na ile ya India. Mahakama inaangalia marehemu aliishi vipi na alikusudia nini, ndipo inachagua. Nafasi ya ujanja ndipo ilipo. Sheikh wa mtaa akifa, kaka yake anaweza kuleta ushahidi kwamba alikuwa akihudhuria matambiko kijijini.

Kwa Wakristo hali ni ngumu zaidi kuliko wanavyojua. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya mirathi ya kimila na ya Kiislamu tu. Mkristo aliyefunga ndoa kanisani na kuishi maisha ya kikristo, mirathi yake inatakiwa kuanzia mahakama za juu. Lakini Mahakama ya Mwanzo ndiyo iliyo karibu, ndiyo ya bei nafuu, na ndiko shemeji anakokwenda mapema asubuhi. Akishafungua pale, zile kanuni za 1963 zinaingia mlangoni pamoja naye. Wajane wengi hawajui kwamba mahali shauri linapofunguliwa panaamua nusu ya matokeo.

Sipendekezi kugusa mafungu ya dini ya mtu. Ninachotaka kuona kinaondoka ni tangazo la serikali, lililotungwa na serikali, linalosema mjane hana fungu. Serikali iliandika, serikali inaweza kufuta. Katiba, ibara ya 30(5), inairuhusu mahakama kuipa serikali muda wa kurekebisha sheria mbovu badala ya kuifuta papo hapo. Kwenye kesi ya umri wa kuolewa mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitoa mwaka mmoja, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakataa rufaa ya serikali. Kwa hiyo njia ipo. Kisingizio cha makabila 120 kilikuwa na jibu tangu mwaka ule wa 2006.

---

Kipkorir wa Uasin Gishu

Hamjambo majirani. Huku Kenya tuna Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, na haimtofautishi mtoto msichana na mvulana. Mtasema tumefika. Hapana.

Kwanza sheria yenyewe iliacha nje mashamba na mifugo ya wilaya kadhaa za wafugaji, huko mila ikaendelea kutumika. Pili, tuna kesi ya Rono iliyoamuliwa Eldoret na Mahakama ya Rufaa mwaka wa 2005. Mzee aliacha wake wawili, wana na mabinti. Jaji wa kwanza aliwapa mabinti kidogo kwa sababu eti wataolewa. Mahakama ya Rufaa ikasema uwezekano wa kuolewa si sababu ya kumnyima mtu. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini tangu sheria ianze ndipo jambo la wazi kama hilo lisemwe kwa sauti.

Na bado kizuizi kikubwa hakiko kortini. Kiko kwa chifu. Ili ufungue kesi ya mirathi unahitaji barua ya chifu inayotaja warithi. Chifu anaita nani? Anawaita wanaume wa boma. Mabinti walioolewa hawatajwi kwenye barua, na asiyetajwa mahakama haimjui. Sheria safi, barua chafu.

---

Msaidizi wa Ziwa

Kipkorir, barua yenu ya chifu ni ndugu ya muhtasari wetu wa kikao cha ukoo!

Kwa wasiojua: huku mtu akifa, ukoo unakaa, unapendekeza msimamizi wa mirathi, unaandika muhtasari, watu wanasaini, unapelekwa mahakamani. Hakuna sheria inayosema mjane hawezi kuomba usimamizi bila muhtasari huo. Ni mazoea tu. Lakini karani akiuuliza dirishani, mjane asiye nao anarudi nyumbani akiamini ameshindwa. Na kikao kile kinafanyika yeye akiwa ndani, kafunikwa khanga, amezungukwa na waombolezaji. Mara nyingi anasaini, au anaweka dole gumba, bila kusomewa.

Hapa ndipo nataka niwaletee jambo lililonipa moyo. Kuna utafiti uliofanyika Dar, Kigogo na Mburahati, kwenye makazi yasiyopimwa. Wakazi walipewa punguzo la gharama ya kupata hati. Baadhi waliambiwa punguzo hilo litolewe kwa sharti kwamba jina la mke liwemo kama mmiliki. Watu walitarajia wanaume watakimbia. Hawakukimbia. Sharti halikupunguza idadi ya waliotaka hati, na punguzo dogo tu lilitosha kufanya karibu wote wawaandikishe wake zao.

Hebu tulitafakari hilo. Wanaume wa Kigogo hawakufanyiwa semina za miaka kumi kuhusu jinsia. Utaratibu ulibadilishwa, na wao wakaenda na utaratibu. Maana yake wengi wetu hatupingi, tunafuata tu fomu inavyotuelekeza, na fomu ina mstari mmoja wa jina.

Ndiyo maana nasisitiza hatimiliki za kimila huko vijijini ziandikwe majina mawili. Mkiandikishwa kama wamiliki wa pamoja, mmoja akifa mwenzake anabaki na ardhi yote, haiingii kwenye mirathi kabisa. Shemeji atafika na kanuni zake za 1963 akute hakuna cha kurithi. Ila muwe makini, kuna umiliki mwingine wa hisa ambapo fungu la marehemu linakwenda kwenye mirathi. Ulizeni kabla ya kusaini mnaandikishwa kwa namna ipi.

---

Fundi Bomba

Mimi naona mnawasahau wanawake wenyewe. Wifi na mama mkwe ndio wanaoongoza kumtoa mjane. Wanaume tunasingiziwa.

---

Msaidizi wa Ziwa

Ni kweli wapo, na wengine wakali. Lakini jiulize wifi huyo anapigania nini. Yeye mwenyewe yuko ngazi ya tatu. Kwao hakupewa kitu, au ameachika akarudi, na mahali pekee penye nafasi ni kwenye nyumba ya kaka yake aliyekufa. Angekuwa na fungu lake kwa baba yake asingehitaji la mwenzake. Wanawake wawili wanagombana juu ya kipande kile kile kwa sababu kanuni haikumwachia hata mmoja wao.

---

Mama wa Wawili

Nimesoma uzi wote nikitetemeka kwa sababu ni mimi. Mume wangu alifariki mwaka jana. Shemeji alichaguliwa msimamizi, nami nilisaini ule muhtasari. Aliniambia ni kwa ajili ya kufuatilia mafao. Tangu hapo sijaonyeshwa orodha ya mali, na juzi nimesikia nyumba ya biashara tuliyojenga pamoja ameipangisha na kodi anachukua yeye. Shamba bado nalima ila ananiambia nijiandae. Ndoa yetu ni ya kanisani. Naomba ushauri, nisaidieni jamani.

---

Msaidizi wa Ziwa

Dada, pole kwa msiba. Usiondoke kwenye nyumba wala shamba, na usisaini kitu kingine chochote.

Msimamizi wa mirathi si mmiliki. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kwa wanaostahili. Aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne awe amerudisha mahakamani orodha ya mali na hesabu. Kwa hiyo jambo la kwanza, nenda mahakama ile iliyomteua, chukua namba ya shauri, omba kuona jalada. Wewe ni mwenye maslahi, una haki hiyo. Angalia kama orodha imewasilishwa na kama ile nyumba ya biashara imo.

La pili, andika barua kwa hakimu kuomba aitwe atoe hesabu, na ueleze kuhusu kodi. Kama ameficha mali au amekiuka wajibu wake, unaomba uteuzi wake utenguliwe. Kusaini ule muhtasari hakukufungi mdomo, hasa kama uliambiwa ni wa mafao. Eleza hivyo hivyo ulivyoeleza hapa.

La tatu, ndoa ya kanisani. Mamlaka ya Mahakama ya Mwanzo kwenye mirathi yenu yanaweza kupingwa, na hilo linabadilisha sheria itakayotumika kugawa. Hapa unahitaji mwanasheria, si mimi. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 huduma hiyo inatolewa bure kwa wasio na uwezo. Kaulize ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako, watakuelekeza kwa watoa msaada waliosajiliwa.

La nne, ile nyumba mliyojenga pamoja. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed mwaka 1983, Mahakama ya Rufani inakubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa. Kesi ile ilikuwa ya talaka, yako ni ya mirathi, na mwanasheria atakueleza tofauti. Lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inamtambua mwenzi aliyeweka nguvu zake kwenye ardhi iliyoandikwa jina la mwenzake. Kusanya risiti za mabati, saruji, daftari la vikoba kama ulichukua mkopo wa ujenzi, majina ya mafundi na majirani walioona. Vyote hivyo ni ushahidi.

Kama hakimu ameshatoa uamuzi wowote dhidi yako, una siku 30 kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, kwa hiyo tarehe iliyoandikwa kwenye jalada ni muhimu sana. Nitumie ujumbe wa faragha ukishapata namba ya shauri. Usiweke majina ya watu hapa jukwaani.

---

Mama wa Wawili

Asante sana kaka. Jumatatu naenda mahakamani na dada yangu.

---

Nshomile wa Kamachumu

Dada, ukienda nenda na kalamu na daftari, nakili kila ukurasa wa lile jalada, hasa penye sahihi yako. Na kama uko upande wetu wa Muleba nijulishe faraghani, nina ndugu mwanasheria, nitamwomba aongozane nawe.